Sudan Kusini Walitushinda kwa Alama Mbili Tu, Kisha Wakatuacha Mbali

Anzisha mjadala wa timu ya vikapu ya Sudan Kusini mahali popote Nairobi, iwe kwa kinyozi au kwa mama chapo, na kuna mtu atakujibu kabla hujamaliza sentensi: "Hao ni warefu bana. Wanazaliwa wakiwa wamefuzu." Watu wanacheka, chai inaongezwa, mjadala umeisha.

Hata mimi nimewahi kuisema, tena mara nyingi. Leo nataka tuichambue vizuri, mimi na wewe, kwa sababu ni uongo. Na huo uongo unatuumiza sisi Wakenya kuliko unavyowaumiza wao.

Rudi nami hadi Januari 2020. Corona bado ni habari za mbali. Morans, timu yetu ya taifa ya wanaume, iko kwenye ukumbi wa Nyayo ikicheza fainali ya mchujo wa awali wa Kanda ya Tano. Anayeshinda anaingia raundi ya kufuzu AfroBasket, yaani kombe la Afrika. Mpinzani ni Sudan Kusini. Kenya ikashinda. Wageni wakafunga mabegi wakarudi kwao.

Sasa niambie, siku hiyo walikuwa wafupi?

Songa mbele hadi mwisho wa Agosti 2021, Kigali. Timu ni hizo hizo mbili, lakini sasa ni AfroBasket yenyewe, na anayeshinda anaingia robo fainali. Ilikuwa mara ya kwanza Kenya kuonekana kwenye mashindano hayo tangu 1993, tulipoyaandaa hapa Nairobi tukamaliza nafasi ya nne. Kocha wetu alikuwa Liz Mills, mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume kwenye AfroBasket. Tulikuwa na Tylor Ongwae, yule aliyeizamisha Angola kwa mtupo wa mwisho, 74-73, mapema mwaka huo. Nchi nzima ilikuwa imegundua ghafla kwamba tuna timu ya vikapu.

Mechi ikaisha 60-58. Sudan Kusini.

Alama mbili ni kikapu kimoja tu. Ukitazama matokeo hayo bila kujua kilichofuata, utasema hizi ni timu mbili za kiwango kimoja, leo wewe kesho mimi. Lakini tazama kilichofuata. Kwenye mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2023, Kenya ilitolewa raundi ya kwanza. Sudan Kusini walicheza mechi 12 wakashinda 11. Mwaka mmoja baada ya Kombe la Dunia walikuwa Olimpiki. Sisi tulikuwa kwenye kochi tukiwatazama.

Kwa hivyo swali si kwa nini wao ni warefu. Swali ni: kati ya ule ushindi wetu wa Nyayo na ile tiketi yao ya Olimpiki, wenzetu walifanya nini ambacho sisi hatukufanya?

Tuanze na historia kidogo, usiniharakishe.

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Julai 2025 ilitimiza miaka 14, yaani nchi nzima ilikuwa na umri wa mtoto wa sekondari ya chini. Ilikubaliwa kuwa mwanachama wa FIBA, shirikisho la vikapu duniani, mwishoni mwa 2013. Unajua ni nini kingine kilitokea mwishoni mwa 2013? Vita. Desemba mwaka huo risasi zilianza kulia Juba, na nchi ambayo haikuwa imemaliza hata miaka mitatu ikageukana yenyewe kwa yenyewe. Watafiti walikadiria baadaye kwamba vita hivyo vilichangia vifo vya watu karibu 400,000. Mamilioni walikimbia makwao, na wengi unawajua: ulisoma nao, ulipanga nao ploti moja, au ulikutana nao Eastleigh.

Lakini vikapu vilikuwepo kabla ya nchi. Manute Bol, jamaa wa futi saba na inchi saba, aliingia NBA mwaka wa 1985 akacheza huko karibu miaka kumi. Pesa alizopata hakuzikalia. Sehemu kubwa aliitumia kusaidia watu wa kusini mwa Sudan waliokuwa wakiteseka kwa vita vya wakati huo. Alifariki Juni 2010, mwaka mmoja tu kabla ya bendera kupandishwa Juba.

Kabla ya hapo, Bol alikuwa amepitia Misri, na kule kulikuwa na watoto wa familia zilizokimbia vita. Mmoja alikuwa kijana kutoka Wau anayeitwa Luol Deng. Bol alimfundisha vikapu. Familia ya Deng baadaye ikapata hifadhi Uingereza, kijana akakulia London kusini, akaenda Marekani kusoma, akaingia NBA, akawa nyota wa Chicago Bulls na kuchaguliwa mara mbili kwenye mechi ya nyota wote. Olimpiki ya 2012 ilipofika London, Deng aliichezea Uingereza.

Deng alistaafu 2019. Angeweza kukaa kwake na kula maisha, na hakuna mtu angemlaumu. Mwaka huo huo akawa rais wa shirikisho la vikapu la Sudan Kusini.

Hapa ndipo kile kisa cha urefu kinaanza kuanguka.

Cha kwanza alichofanya Deng ni kazi ya simu. Vita vilikuwa vimewatawanya vijana wa Sudan Kusini kila kona: Australia, Kanada, Marekani, Uganda, Kenya. Kuna waliokuwa wakicheza ligi za kulipwa, kuna waliokuwa vyuoni, na kuna ambao hawakuwa wanajulikana na mtu. Mtu fulani alipaswa kukaa chini, kuandika majina, kupiga simu moja baada ya nyingine na kumwambia kijana ambaye pengine hajawahi kuiona Juba: njoo uchezee kwenu. Kisha amlipie tiketi. Kisha kambi iwepo kweli akifika.

Cha pili ni pesa. Mwanzoni gharama nyingi zilitoka mfukoni mwa Deng mwenyewe, kuanzia ndege na hoteli hadi kukodi kumbi za mazoezi. Sudan Kusini haikuwa na uwanja hata mmoja wa vikapu wenye paa. Ndiyo, umesoma sawa. Timu iliyoenda Olimpiki ilitoka nchi ambayo mvua ikinyesha, mazoezi yamekwisha. "Nyumbani" kwao kulikuwa popote palipokubali kuwakodisha ukumbi. Kabla ya Paris walipiga kambi Kigali.

Cha tatu ni kutobadilisha mambo kila Jumatatu. Novemba 2020 timu ilipoitwa kujaza nafasi ya Algeria iliyojiondoa, Deng mwenyewe alikalia kiti cha kocha. Kisha akamleta Royal Ivey, Mmarekani aliyewahi kucheza NBA na ambaye alisoma naye shule moja ya upili kule New Jersey. Ivey akabaki. AfroBasket ya 2021 alikuwa yeye, Kombe la Dunia alikuwa yeye, Paris alikuwa yeye. Sasa jiulize timu zetu za taifa, mchezo wowote ule, hubadilisha makocha mara ngapi katika muda kama huo.

Matokeo unayajua, lakini acha niyapange. Februari 2023, kule Alexandria, wakaishinda Senegal na kufuzu Kombe la Dunia kwa mara yao ya kwanza. Manila walifungwa na Puerto Rico katika muda wa ziada, wakaipiga China 89-69, wakachapwa vibaya na Serbia, kisha wakawanyamazisha wenyeji Ufilipino na kumaliza kwa kuishinda Angola 101-78. Hiyo ya Angola ndiyo iliwafanya timu bora ya Afrika kwenye mashindano yale, na timu bora ya Afrika ilikuwa inapewa tiketi ya Paris moja kwa moja.

Halafu Julai 20, 2024, London. Mechi ya kirafiki dhidi ya Marekani. LeBron James, Stephen Curry, wote. Kampuni za kubeti zilikuwa zinaipa Marekani ushindi wa zaidi ya alama 40, na najua wasee mtaani walioweka pesa hapo wakidhani ni pesa ya kuokota. Kufikia mapumziko Sudan Kusini walikuwa mbele 58-44. Carlik Jones alikuwa anagawa mpira kama mtu anayegawa peremende kwa watoto. Ilibidi LeBron mwenyewe afunge zikiwa zimebaki sekunde nane ndipo Marekani iponee, 101-100.

Wiki moja baadaye, Lille, mechi yao ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Wachezaji wamesimama wima kwa wimbo wa taifa, na spika zikapiga wimbo wa Sudan. Si Sudan Kusini. Ni Sudan, nchi waliyopigania miongo kadhaa kujitenga nayo. Mashabiki wakaanza kuzomea. Wachezaji wakabaki wamesimama, mkono kifuani, hadi wimbo wao ulipopatikana. Kisha wakaingia uwanjani wakaipiga Puerto Rico 90-79.

Hawakuvuka hatua ya makundi. Marekani iliwashinda 103-86, Serbia ikawashinda 96-85. Lakini walicheza mechi zile kama watu wenye haki ya kuwa pale.

Najua unachotaka kusema sasa: huyo Carlik Jones si Mmarekani? Ni kweli, alizaliwa Cincinnati. FIBA inaruhusu kila timu kuwa na mchezaji mmoja aliyepewa uraia ukubwani, na Sudan Kusini walitumia nafasi yao kama nchi nyingine nyingi zinavyofanya. Kuna wengine waliozaliwa nje, lakini hao ni watoto wa wazazi waliokimbia. Nuni Omot, kwa mfano, alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi hapa hapa Kenya. Baadaye familia ikahamia Marekani, na 2023 akawa mchezaji bora wa ligi ya vikapu ya Afrika, BAL. Alizaliwa kwetu, na sisi hata hatukujua jina lake.

Vyombo vya habari vya ng'ambo vinapenda sana hadithi hii. Wakimbizi waliogeuka mashujaa, tabasamu, muziki wa polepole. Mimi hiyo sehemu inanikera kidogo, kwa sababu inafanya vita vionekane kama shule ya michezo. Vita havikumfundisha mtu kutupa mpira. Waliofika mbali ni wale ambao safari yao ya ukimbizi iliishia mahali penye uwanja, kocha na shule. Kwa kila mmoja wao, kuna maelfu Kakuma ambao wana kipaji kile kile na hawana hata mpira wenye upepo.

Mtazame Khaman Maluach. Alizaliwa Rumbek, akakulia Kawempe, Kampala. Alianza vikapu akiwa na umri wa miaka 13 hivi. Kwa umri ambao sisi tulikuwa tunatafuta kitambulisho, yeye alikuwa anaanza mechi ya Olimpiki. Juni 2025 alichaguliwa nambari 10 kwenye draft ya NBA. Ukitaka kusema urefu, hapa unaruhusiwa, ni futi saba na zaidi. Lakini kilichombadilisha ni kwamba kuna mtu alimwona Kampala, akampeleka akademia ya NBA Senegal, na timu ya taifa ikamwamini akiwa bado mtoto. Warefu wangapi wamepita mtaani kwenu wakaishia kuwa mabaunsa wa klabu?

Hapo lazima niseme na upande wa pili, la sivyo nitakuwa nakuuzia ndoto.

Timu hii imesimama juu ya mfuko na jina la mtu mmoja. Bol alitoa pesa zake, Deng akatoa zake. Hiyo ni heshima kubwa, lakini si mpango wa nchi. Deng akichoka kesho, nani atapiga zile simu? Watoto wa wale waliokulia Australia na Kanada watakuwa Waaustralia na Wakanada kamili, je, wataitikia? Timu ambayo wachezaji wake wengi walilelewa na viwanja vya nchi nyingine ni kama duka linalouza bidhaa za mkopo. Mauzo ni mazuri, lakini deni lipo.

Na usidanganywe kwamba vikapu vimeponya nchi. Machi 2025 Riek Machar, aliyekuwa makamu wa kwanza wa rais, aliwekwa kizuizini nyumbani kwake, na hofu ya vita ikarudi. Aprili 5, Marekani ikatangaza kufuta viza zote za wenye pasipoti za Sudan Kusini, kwa sababu ya mzozo wa serikali hizo mbili kuhusu watu wanaorudishwa makwao. Siku hiyo hiyo Maluach alikuwa uwanjani na chuo cha Duke, kwenye nusu fainali ya vyuo vya Marekani, mbele ya macho ya nchi nzima. Fikiria hiyo. Unacheza mechi kubwa zaidi ya maisha yako ya chuo na asubuhi hujui kama unaruhusiwa kukaa. Bendera ile ile inayokupa timu ndiyo inayokufungia mlango.

Kwa hivyo sisemi tuwaige kwa kila kitu. Nasema tuache kujificha nyuma ya urefu wao.

Acha nikupe yangu kidogo. Kabla sijaacha chuo, mwaka wa pili, karo ikiwa imenilemea, nilikuwa kwenye timu ya vikapu. Si kwamba nilikuwa moto sana, nilikuwa mchezaji wa kuingia dakika nne na kutoka. Tuliitwa kambini siku nne kabla ya mashindano. Jezi hazikutosha, kwa hivyo tulikuwa tunavuliana pembeni mwa uwanja, moja inanuka jasho la watu watatu. Tulipotolewa, msimamizi alitutazama akasema wenzetu wana miili. Na sisi tukakubali! Tulipanda basi tukirudi tukisema ni miili.

Kwenye timu hiyo kulikuwa na jamaa mmoja wa Sudan Kusini. Mtaani na chuoni tulimwita Twiga, naye hakuwa anapenda. Kila mtu alimtaka asimame chini ya kikapu ainue mikono tu. Siku moja baada ya mazoezi akaniambia, "Nyinyi huniuliza nafika wapi. Hakuna mtu huniuliza naona nini." Alikuwa anasoma mchezo kuliko sisi wote. Angekuwa mgawaji wa mpira, yule anayepanga timu. Hatukumpa hata dakika moja kwenye nafasi hiyo, kwa sababu tulikuwa tumeshaamua yeye ni nini.

Ndivyo tunavyoitazama nchi yake pia.

Ukweli ni kwamba Kenya ina vitu ambavyo Deng angelipia kwa furaha. Tuna kumbi zenye paa Nyayo na Kasarani. Tuna ligi. Tuna vijana wetu waliotawanyika Marekani na Ulaya, tena hawa walienda kwa viza na si kwa kukimbia risasi, na baadhi yao wanacheza. Mwaka wa 2025 Nairobi City Thunder walikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL. Hongera kwao, kwa kweli. Lakini kumbuka Cobra Sport ya Sudan Kusini ilicheza BAL mwaka wa 2022, ikitoka kwenye ile nchi isiyo na paa.

Kinachotukosa si kirefu kutamka. Orodha ya wachezaji wetu wote popote walipo, na mtu mmoja mwenye kazi ya kuwapigia simu. Kambi inayoanza mapema kabla mashabiki hawajaanza kuuliza. Kocha anayepewa miaka, si miezi. Pesa za ndege zinazofika kabla ya ndege. Haya yote hayahitaji mtu wa futi saba. Yanahitaji mtu anayeshika simu.

Agosti 2025 AfroBasket ilichezwa Angola na Sudan Kusini walikuwepo. Siku nyingine watafika mbali, siku nyingine watapigwa mapema, mpira ni mpira. Wewe watazame tu. Na yule jamaa wa kwa kinyozi akianza tena ile ya "hao ni warefu," mwambie Januari 2020 tuliwashinda hapa Nyayo, na walikuwa warefu vile vile. Halafu muulize sisi tumefanya nini tangu siku hiyo. Mwache ajibu mwenyewe.